Asidi ya Buluu

Mwaka wa 1706 hivi, mjini Berlin, mtengenezaji rangi aitwaye Diesbach alikuwa akitafuta wekundu. Kazi yake aliijua. Unachemsha wadudu wakavu wa kochinili, unatia shabu na vitrioli ya chuma, kisha unamimina potashi ili rangi ijitenge na maji na kutuama chini. Inasimuliwa kwamba siku hiyo potashi yake ilikwisha, akachukua ya Dippel, mwanaalkemia aliyekuwa ameshaitumia kusafishia mafuta ya damu na mifupa ya wanyama. Wekundu haukuja. Kilichotuama chini ya chombo kilikuwa buluu nzito, ya aina ambayo wachoraji wa Ulaya walikuwa wakiipata kwa bei kubwa mno kutoka mawe ya Afghanistan. Namna ya kuitengeneza ilifichwa hadi 1724, ilipochapishwa London. Wengine waliiita buluu ya Berlin, wengine buluu ya Prussia, kwa jina la ufalme uliotawala mji huo.

Ndani ya buluu hiyo mlikuwa na asidi imejificha, na ndiyo ninayotaka kuifuata hapa kwa karne mbili na zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hukutana na mambo mawili yanayomchosha: orodha ya majina ya asidi, yenye viambishi vinavyofanana kama mapacha, na michoro ya molekuli, yenye herufi, mistari na nukta. Kwenye vitabu mambo hayo yamekaa sura mbalimbali, kila moja na zoezi lake. Kwa wakemia walioyatengeneza yalikuwa mabishano yaliyoshikana, na mara kwa mara asidi hii moja ilisimama katikati, ikikataa kutii kanuni iliyokuwa imetoka kutungwa.

Mtu wa kwanza kuitoa ndani ya rangi alikuwa Carl Wilhelm Scheele, mtengeneza dawa wa Köping, mji mdogo wa Sweden. Mwaka wa 1782 alichemsha buluu ya Prussia pamoja na asidi kali iliyotokana na vitrioli, akaukamata mvuke uliotoka, akauyeyusha katika maji. Kisha akauchunguza kama alivyochunguza kila kitu kilichopita mikononi mwake: aliunusa, na akauonja. Aliandika kwamba harufu yake ni ya kipekee na si mbaya, na ladha yake inaelekea utamu kidogo, yenye kuchoma mdomoni. Sisi tunaojua leo kwamba mvuke huo ni sianidi ya hidrojeni, sumu inayoua kwa dakika chache, tunasoma maneno hayo kwa hofu. Scheele alifariki mwaka wa 1786 akiwa na miaka 43.

Aliiacha asidi yake bila jina la kueleweka, na haikuwa peke yake. Lugha ya kemia ya wakati huo ilikuwa soko la kila mtu na bidhaa yake. Asidi tunayoiita leo ya salfuriki iliitwa mafuta ya vitrioli, ingawa haina mafuta. Asidi ya hidrokloriki ilikuwa roho ya chumvi. Ya nitriki ilikuwa maji makali, na ukiichanganya na roho ya chumvi unapata maji ya kifalme, kwa sababu huyeyusha dhahabu. Palikuwa na siagi ya arseniki, ambayo anayeipaka kwenye mkate hataiona jioni, na maua ya zinki yasiyochanua popote. Jina moja lilibeba vitu vitatu, kitu kimoja kilibeba majina saba. Maneno mengine yalikuwa yamesafiri kutoka Kiarabu, na hayo sisi wa Pwani tunayatambua haraka kuliko Wafaransa: alkali ni al-qali, majivu ya mimea ya chumvichumvi. Salfa yenyewe Waarabu huiita kibriti, na mpaka leo anayewasha kiberiti jikoni anataja elementi bila kujua.

Aliyechoshwa zaidi na fujo hiyo alikuwa mwanasheria. Louis-Bernard Guyton de Morveau wa Dijon alikuwa na kazi yake mahakamani, na kemia aliipenda kwa moyo. Pengine ndiyo maana jambo lililoonekana dogo kwa wakemia lilimkera yeye: sheria haiendi pale ambapo neno lina maana tatu. Mwaka wa 1782 alichapisha pendekezo kwamba jina la kitu litokane na vile kilivyoundwa navyo. Miaka mitano baadaye alikuwa Paris, mezani na Antoine Lavoisier, Claude-Louis Berthollet na Antoine-François de Fourcroy. Aprili 1787 Lavoisier alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi kutetea mpango wao, na mwaka huohuo kitabu kikatoka.

Mpango ulikuwa mzuri kiasi kwamba bado tunauishi. Chukua salfa. Ikiungana na oksijeni nyingi na kutoa asidi, jina la asidi linaishia na -iki: salfuriki. Oksijeni ikipungua, mwisho unakuwa -asi: salfurasi. Chumvi ya asidi ya kwanza ni salfeti, ya pili ni salfaiti, na salfa ikiungana na metali bila oksijeni yoyote tunapata salfaidi. Mwanafunzi anayechanganya maneno hayo matatu katika mtihani anahangaika na viambishi vilivyokatwa Paris miaka miwili kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Vilikatwa ili sikio lisikie kiasi cha oksijeni kilichomo. Nadhani laiti tungewaambia wanafunzi hivyo siku ya kwanza, nusu ya kukariri ingekwisha.

Lakini angalia msingi wa nyumba. Majina yote yanahesabu oksijeni, kwa sababu Lavoisier aliamini oksijeni ndiyo inayofanya asidi kuwa asidi. Hata jina la gesi hiyo alilitunga kutoka Kigiriki likiwa na maana ya mzaa uchachu. Wajerumani walilitafsiri neno kwa neno, na leo bado oksijeni kwao ni Sauerstoff, kitu kichachu. Salfa ikiungua ndani ya oksijeni na kutiwa maji inatoa asidi, fosforasi vilevile, kaboni vilevile. Ushahidi ulikuwa mwingi, na alikuwa na haki ya kuamini.

Sasa ile asidi ya Scheele. Katika kitabu cha 1787 iliandikwa asidi ya Prussia. Jina hilo halikuhesabu oksijeni, halikutaja kilichomo ndani yake, lilitaja ufalme tu, kinyume kabisa cha kanuni ya Guyton. Waliiacha hivyo kwa sababu hawakujua imeundwa na nini. Na mwaka uleule Berthollet, mmoja wa wanne waliosaini kitabu, aliichambua akaona ndani yake kaboni, naitrojeni na hidrojeni. Oksijeni hakuiona. Mmoja wa watungaji wa kanuni ndiye aliyeshika mkononi mfano unaoivunja.

Berthollet alikuwa mtu mwaminifu, akasema alichokiona. Ila asidi ya Prussia ni dhaifu sana, haiwezi kugeuza rangi ya mimea kama asidi nyingine, na wengi walijiambia kwamba labda si asidi ya kweli. Roho ya chumvi, kwa upande wake, ni asidi kali mno kukataliwa hivyo: kwa vile hakuna aliyeweza kuonyesha oksijeni ndani yake, Lavoisier aliiweka katika jedwali lake la 1789, lenye vitu 33 alivyovihesabu kuwa sahili, chini ya jina la kitu ambacho hakijapatikana bado. Alitarajia kitapatikana. Michoro ya vyombo katika kitabu hicho, mizani, retota na chupa za gesi, ilichorwa na mkono wa mkewe, Marie-Anne Paulze, kwa usahihi ambao fundi angeweza kuutumia kutengeneza chombo kilekile. Molekuli hakuna aliyezichora. Wazo lenyewe lilikuwa halijazaliwa. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa Paris pamoja na wenzake wa kampuni ya kukusanya kodi ya mfalme, akiwa na miaka 50, na jedwali lake likabaki na pengo.

Pengo hilo lilizibwa London, si kwa kukipata kile kitu bali kwa kukifuta. Gesi ya kijani-njano ambayo Scheele aliitoa kutoka roho ya chumvi mwaka wa 1774 ilidhaniwa kuwa asidi yenye oksijeni. Humphry Davy alipitisha juu yake makaa yaliyopashwa moto mpaka yakawa meupe. Kama kungekuwa na oksijeni, kaboni ingeinyakua. Hakuna kilichotoka. Mwaka wa 1810 alitangaza kwamba gesi ile ni elementi, akaiita klorini kwa rangi yake. Basi roho ya chumvi ikawa klorini na hidrojeni tu.

Paris nako, Joseph Louis Gay-Lussac alikuwa ameirudia asidi ya Prussia. Mwaka wa 1811 aliipata ikiwa safi kabisa, kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi. Nyuzi 26! Mchana wa kawaida wa Tanga au Mombasa unaizidi. Mwanamke wa Pwani aliyetwanga kisamvu na kukiachia mvuke, au aliyeloweka muhogo mchungu kisha akauanika makopa juani, amekuwa akiifukuza asidi hii tangu muhogo ulipofika Afrika, bila kuijua kwa jina la Prussia wala la ufalme mwingine. Ndani ya muhogo sumu imefungwa na sukari katika kampaundi iitwayo linamarini. Ukivunja seli kwa kutwanga au kuchachusha, kimeng'enya kinaifungua, na asidi inatoroka na hewa. Pale ambapo njaa au haraka imefupisha kazi hiyo, watu wamepooza miguu. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka wa 1938 huko Kwango, Kongo, kwa jina ambalo Wayaka wa huko wenyewe waliupa: konzo.

Gay-Lussac alipima hadi 1815. Asidi ile ni kaboni, naitrojeni na hidrojeni, kama Berthollet alivyosema miaka 28 kabla. Kaboni na naitrojeni hushikana, huhama pamoja kutoka kampaundi moja hadi nyingine kana kwamba ni elementi moja. Jozi hiyo aliipa jina la sianojeni, mzaa buluu, kutoka neno la Kigiriki la buluu. Kwa hiyo kitu kisicho na rangi hata chembe kimebaki na buluu katika jina lake, kwa ajili ya chombo cha Diesbach: sianidi. Wajerumani wanakwenda mbali zaidi, kwao ni Blausäure, asidi ya buluu.

Kanuni ya kutaja majina ilibidi ipanuliwe. Asidi isiyo na oksijeni ikapewa kitangulizi hidro-, kwa maana ya hidrojeni: hidrokloriki, hidrosianiki. Kwa upande wa zile zenye oksijeni, klorini ilileta tatizo lake, kwani viambishi viwili havikutosha. Ina asidi nne. Mbili za kati zilichukua majina ya kawaida, klorasi kwa HClO₂ na kloriki kwa HClO₃. Friedrich von Stadion wa Vienna alipotoa mwaka wa 1816 ile yenye oksijeni zaidi, HClO₄, iliongezewa kitangulizi cha kuzidi: perkloriki. Antoine Balard alipoieleza mwaka wa 1834 ile yenye oksijeni moja tu, HClO, iliongezewa kitangulizi cha kuwa chini: hipoklorasi. Chumvi yake ndiyo iliyomo katika chupa ya Jik wanayofulia mashuka meupe. Ngazi hiyo ya vipago vinne haikupangwa na mtu mmoja aliyekaa akafikiri. Ilijengwa kipago kwa kipago, kila asidi mpya ilipobisha hodi na kukuta nafasi zimejaa.

Je, kama si oksijeni, ni nini kinachofanya asidi? Davy alikwisha kudokeza hidrojeni. Justus von Liebig, mwaka wa 1838, ndiye aliyelisema kwa namna ya kutumika: asidi ni kampaundi yenye hidrojeni ambayo metali inaweza kuchukua nafasi yake. Kwa kipimo hicho asidi ya Prussia ikawa asidi halali, miaka 56 baada ya Scheele kuionja. Majina hayakubadilishwa. Bado yanahesabu oksijeni, ilhali uasidi uko kwa hidrojeni, na hapo ndipo mwanafunzi mwangalifu hukwama na kudhani kosa ni lake.

Liebig ndiye pia aliyefanya majina yashindwe kabisa, kwa kupitia jamaa wa karibu wa asidi hiyohiyo. Alipokuwa mtoto huko Darmstadt alimwona mchuuzi wa sokoni akitengeneza baruti ya fedha inayolipuka kwa kuguswa, na hakuisahau. Alipokua aliichambua katika maabara ya Gay-Lussac: ni chumvi ya asidi yenye hidrojeni moja, kaboni moja, naitrojeni moja na oksijeni moja. Wakati huohuo Friedrich Wöhler alichambua chumvi ya fedha ya asidi nyingine, ya sianiki. Tulivu kabisa, hailipuki. Hesabu ikatoka ileile: moja, moja, moja, moja. Liebig aliona mwenzake amekosea, akaandika hivyo. Wakapima tena. Hakuna aliyekosea. Walikutana Frankfurt na urafiki wao ukadumu hadi kifo.

Ninaona hapa ndipo historia ilipogeuka. Vitu viwili, atomu zilezile, idadi ileile, kimoja kinalipua meza na kingine kinakaa chupani. Mwaka wa 1830 Jöns Jacob Berzelius alilipa jambo hilo jina la isoma. Lakini jina halielezi. Kama hesabu ya atomu hailingani na tabia, basi lazima kuna tofauti ya mpangilio, nani amekaa karibu na nani. Na mpangilio haupigiwi hesabu tu. Unachorwa.

Uchoraji ulikuwepo kidogo. John Dalton, mwalimu wa Manchester, alichora atomu kama viduara mwaka wa 1808: hidrojeni yenye nukta katikati, naitrojeni yenye mstari, kaboni nyeusi, oksijeni tupu. Viduara vyake vilionyesha atomu zikigusana, ingawa maji aliyahesabia hidrojeni moja. Berzelius alivitupa viduara vyote, kwani havikuwa rahisi kuchapishwa, na kuanzia 1813 akaweka herufi za majina ya Kilatini. Ndiyo sababu sodiamu ni Na, kutoka natroni, magadi ya Misri, na potasiamu ni K, kutoka kaliamu, yaani al-qali ileile iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Herufi zilishinda, lakini zinasema kuna nini na ngapi. HCNO inaandikika hivyohivyo iwe inalipuka au hailipuki.

Sasa nimfikie Archibald Scott Couper, ambaye nafsi yangu haiwezi kumpita haraka. Alizaliwa 1831 Kirkintilloch, Scotland, akasoma falsafa, akaingia kemia akiwa mtu mzima. Mwaka wa 1858, akiwa na miaka 27 katika maabara ya Adolphe Wurtz mjini Paris, aliandika makala yenye mambo mawili: kwamba atomu ya kaboni ina uwezo wa kushika nne, na kwamba kaboni hushikana na kaboni kufanya mnyororo. Kisha akafanya kile ambacho kilikuwa hakijafanywa hivyo kabla: kati ya herufi na herufi akaweka nukta mfululizo au kistari kuonyesha nani ameshikana na nani. Kati ya michoro yake kuna asidi ya sianuriki, ndugu mwingine wa familia yetu, naye aliichora ikizunguka kama pete. Oksijeni aliziandika mbilimbili kwa sababu alitumia uzito wa atomu uliokuwa nusu ya ule wa kweli. Hilo halipunguzi kitu. Ukitazama michoro ile leo unaisoma.

Alimwomba Wurtz amfikishie makala Akademia. Wurtz hakuwa mwanachama, ilimbidi atafute wa kuipeleka, akachelewa. Mwezi Mei makala ya August Kekulé ikatoka Ujerumani, yenye mambo yaleyale mawili: kaboni ya vishikio vinne na minyororo, ila haikuwa na vistari. Ya Couper ilisomwa tarehe 14 Juni. Couper alimlaumu Wurtz kwa hasira, akafukuzwa maabarani. Akarudi Scotland, akapata kazi ya usaidizi Chuo Kikuu cha Edinburgh, na muda si mrefu akaugua akili. Aliishi na mama yake Kirkintilloch zaidi ya miaka thelathini bila kurudi kwenye kemia, akafa 1892. Sifa zote alizipata Kekulé. Aliyefukua kaburi hilo la kusahauliwa alikuwa Richard Anschütz, mwanafunzi wa Kekulé mwenyewe, aliyekuwa akiandika maisha ya mwalimu wake. Alishtuka kwa alichokuta, akamtafuta Couper huyo ni nani, na maisha yake yakachapishwa Edinburgh mwaka wa 1909.

Kistari hakikufa naye. Palepale Edinburgh, Alexander Crum Brown alichora mwaka wa 1864 herufi ndani ya viduara, vimeunganishwa kwa mistari, mmoja au miwili au mitatu. Edward Frankland aliichukua michoro hiyo katika kitabu cha wanafunzi cha 1866, na mstari akauita kifungo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 7 Aprili 1865, August Wilhelm Hofmann alikuwa amesimama mbele ya umati wa London na mipira ya mchezo wa kroketi aliyoitoboa na kuiunga kwa vijiti: kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, naitrojeni buluu, klorini kijani. Mwalimu yeyote mwenye kisanduku cha modeli darasani anazishika rangi hizo hadi leo. Jacobus van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 22, aliitoa michoro kwenye ubao mwaka wa 1874, akasema vishikio vinne vya kaboni vinaelekea kwenye pembe nne za piramidi ya pande tatu. Mzee Hermann Kolbe alimkejeli hadharani kwamba anafundisha chuo cha mifugo na anaota ndoto. Mwaka wa 1901 van 't Hoff alipokea tuzo ya kwanza ya Nobel ya kemia.

Basi asidi ya Prussia ikachoreka. H, mstari mmoja, C, mistari mitatu, N. Hidrojeni imetumia mkono wake mmoja, kaboni mikono yake minne, naitrojeni mitatu. Hata mlipuko ukaanza kuelezeka: katika asidi ya sianiki oksijeni imeshika kaboni, katika ile ya mlipuko imeshika naitrojeni.

Lakini mstari ni nini? Kwa miaka hamsini wakemia waliuchora bila kujua. Elektroni ilipotambuliwa mwaka wa 1897, jibu likakaribia, na mtu aliyelishika alikuwa Gilbert Newton Lewis. Mwaka wa 1902, akiwafundisha wanafunzi wa mwanzo Harvard, alichora atomu kama mchemraba wenye elektroni kwenye pembe zake nane. Michemraba miwili ikigusana ubavu mmoja, elektroni mbili zinamilikiwa na wote: kifungo kimoja. Ikigusana uso kwa uso, nne: vifungo viwili. Uzuri wake unaonekana mara moja. Ila jaribu vifungo vitatu. Michemraba haina namna ya kugusana ikashirikiana pembe sita. Asetilini ina vifungo vitatu, na asidi yetu vilevile, na vitu hivyo vipo, vinachemka, vinaungua. Katika makala yake ya 1916, akiwa Berkeley, Lewis aliuacha mchemraba wake mwenyewe. Alizikusanya elektroni nane katika jozi nne, kila jozi kwenye pembe ya piramidi ya van 't Hoff. Mstari wa Couper ukawa nukta mbili.

Hapo mwanafunzi anaweza kushika kalamu. Hidrojeni inaleta elektroni 1, kaboni 4, naitrojeni 5: jumla 10. Weka jozi moja kati ya H na C. Weka jozi tatu kati ya C na N. Umetumia nane, jozi iliyobaki iweke upande wa nje wa N. Hesabu: kaboni imezungukwa na nane, naitrojeni nane, hidrojeni mbili. Hakuna iliyopungukiwa. Ukijaribu kwa vifungo viwili tu, atomu moja itabaki na njaa. Irving Langmuir alilieneza wazo hilo kwa mihadhara na makala, na mwaka wa 1919 ndiye aliyeleta neno kovalenti. Alieleza vizuri kiasi kwamba wengi walianza kulitaja kwa jina lake, jambo lililomuuma Lewis. Langmuir alipata Nobel mwaka wa 1932 kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara kwa mara, hakupewa.

Mwaka wa 1923 Lewis alilichukua lile swali la Lavoisier akalijibu kwa nukta zake: asidi ni kitu kinachopokea jozi ya elektroni ya mwenzake. Oksijeni haihitajiki, na hata hidrojeni haihitajiki. Wakati huo huo Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza walisema asidi ni mtoa protoni, na vitabu vya shule hufundisha hivyo kwanza.

Tarehe 23 Machi 1946 Lewis, mwenye miaka 70, aliingia maabara yake Berkeley baada ya chakula cha mchana. Mwanafunzi wake alimkuta amekufa chini ya meza ya kazi. Daktari aliandika ugonjwa wa moyo. Jaribio alilokuwa akilifanya siku hiyo lilihitaji sianidi ya hidrojeni katika hali ya kimiminika, na harufu yake ilikuwa imejaa chumbani, ile ambayo Scheele aliandika si mbaya.